Nyuni, degedege na mtihani ambao haujatungwa

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye hospitali moja hapa Mombasa. Mbele yetu foleni alikuwa mama mmoja na leso zake, mtoto kamlalia begani. Kijana wa udaktari, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani, akamwuliza mtoto ana nini. "Ameshikwa na nyuni tangu usiku, mwanangu." Kijana akaandika, akafuta. "Ndege gani, mama?" Shangazi alijificha na mtandio akicheka. Nesi aliyekuwa akipita ndiye aliyeokoa jahazi: "Degedege hiyo, daktari." Hapo kalamu ikaanza kukimbia.

Kwa kweli kijana hakukosea sana. Nyuni ni ndege, na huku Pwani wengi huamini degedege huletwa na ndege wa kishetani anayempitia mtoto. Alilijua neno, asichokijua ni kwamba lilikuwa jina la ugonjwa.

Basi, shule za udaktari zimtahini mwanafunzi namna anavyozungumza na mgonjwa kwa Kiswahili kabla hajavaa joho?

Wanaokataa si watu wa kupuuzwa. Masomo yenyewe tayari yamefurika, vitabu ni vya Kiingereza, na hata Muhimbili, katikati ya Dar es Salaam, udaktari hufundishwa kwa Kiingereza. Mhitimu anaweza kupangiwa Lodwar, ambako mgonjwa atamjibu kwa Kiturkana, na Kiswahili chake cha Mvita kisimfae kitu. Isitoshe, Kiswahili kipi? Mshipa kitabuni ni njia ya damu. Mzee wa Majengo akikwambia ana mshipa, huenda anasema ngiri, au busha, na aibu inamzuia kumaliza sentensi. Mtihani wa msamiati ungetupa daktari anayesema "kifua kikuu" kwa mgonjwa ambaye miaka yote amesema TB.

Hoja hiyo ya mwisho naikubali. Ila wanaodai Kiswahili hakibebi tiba hawanishawishi. Ugonjwa wa chikungunya, uliotusumbua Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018, ulipewa jina kutoka Kimakonde baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika: ni kule kujikunja kwa maumivu ya viungo. Wataalamu wa dunia nzima wamelichukua neno la wanakijiji na hakuna aliyelalamika kwamba halina usahihi.

Pale ambapo suala hili linanikereketa zaidi ni kwenye utafiti. Pwani hii ni shamba kubwa la watafiti. Kituo cha Kilifi cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, kipo tangu 1989, na chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa huko pia. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ni Pwani hii hii ambapo bibi zetu walitutisha na mumiani, wanyonya damu wanaotembea usiku. Mtu aliyelelewa na hadithi hizo ukimwambia unamtoa damu "kidogo", hujamwambia kitu. Ndiyo maana fomu za ridhaa husema "kijiko kimoja cha chai". Uzuri ni kwamba kijiko kila mtu anakijua. Ubaya ni kwamba mama anakitazama kijiko, kisha anautazama mkono wa mtoto wa miezi mitatu.

Kuna maneno magumu zaidi. "Dawa bandia" sokoni Kongowea ni dawa ya kutapeliwa. Kwenye fomu ni kidonge kisicho na dawa, kinachotolewa kwa kulinganisha. Ukilitafsiri bila kulieleza, umemwambia mshiriki kwamba utampa feki. Na Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, "inapowezekana". Neno hilo dogo, kwa maoni yangu, limetoboa mtumbwi mzima.

Kwa hivyo mimi niko upande wa mtihani, lakini usiwe wa karatasi. Mwanafunzi akae na mgonjwa dakika kumi, amweleze ugonjwa wake au fomu yake, kisha mgonjwa aulizwe ameelewa nini. Anayekwenda Lodwar atakuwa amejifunza la maana kuliko msamiati: kuuliza mpaka aelewe, na kumtafuta mkalimani mapema. Alama watoe manesi pamoja na wahadhiri, maana baadhi ya wahadhiri wenyewe wangeanguka. Ndiyo, itakula muda na wahadhiri ni wachache. Hilo sina dawa yake.

Siku ile shangazi naye aliletewa fomu, akatia sahihi haraka asionekane mshamba, akatolewa damu. Tulipokuwa kwenye tuktuk, tumeshapita Makadara, akanigeukia: "Hebu niambie, mwanangu. Ile damu wameichukua kwa ajili yangu, au kwa ajili yao?"