Nahau za michezo: mwalimu, onyesha mchezo kwanza

Madaftari ya Kiingereza ya wanafunzi wetu yanafanana: safu ya kushoto nahau, safu ya kulia maana. Mtoto anakariri, anajibu mtihani, na likizo ikiisha hakumbuki hata moja. Kwa nahau zilizotoka michezoni huku ni kumchosha bure. Ukiujua mchezo, maana inajileta.

Ndondi ndiyo yenye hazina kubwa. "Up to scratch" hufundishwa kuwa ni "kufikia kiwango", basi. Lakini huo "scratch" ni mstari uliochorwa katikati ya ulingo, enzi mabondia walipopigana bila glovu. Kwa kanuni za London za mwaka 1838, raundi haikuwa na dakika maalumu; iliisha mtu akianguka. Alipumzishwa sekunde 30, muda ukitangazwa akawa na sekunde 8 za kufika kwenye mstari kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Asipofika, kashindwa. Mchoree mwanafunzi mstari wa chaki sakafuni, mkalishe kwenye kona ya darasa, uhesabu mpaka 8 huku wenzake wakimshangilia. Nani atamuuliza tena maana?

"Below the belt", yaani kumshambulia mtu isivyo haki, nayo ina sheria nyuma yake. Mwaka 1743 bondia Jack Broughton wa London aliweka kanuni zilizokataza kumpiga mtu aliyekwisha anguka na kumkamata popote chini ya kiuno. Na kabla ya taulo kutupwa ulingoni ilikuwa inatupwa sponji, ileile ya kumfutia bondia damu na jasho. Magazeti yetu yanaandika "hawajatupa taulo" kila wiki, na hakuna msomaji anayeomba ufafanuzi, kwa kuwa ngumi tunazijua.

Kuna jambo linaniudhi hapa. Mitandaoni inazungushwa hadithi kwamba "saved by the bell", yaani kunusurika dakika ya mwisho, ilitokana na watu waliozikwa wakiwa hai, wakafungiwa kengele kaburini. Inasisimua, ila si kweli. Ni kengele ya ulingoni, inayolia bondia akiwa hoi, raundi ikaisha kabla hajamalizwa. Walimu, msiipeleke darasani ile ya makaburi.

Mbio za farasi zimetoa "win hands down", kushinda kwa urahisi. Mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali hushusha mikono na kulegeza hatamu, maana hana tena haja ya kumhimiza farasi. Sisi tuliokulia kwenye "chama kushika hatamu" tunaona jambo la kuvutia: kwetu mwenye nguvu ni aliyezishika, kwao aliyeshinda kwa raha ni aliyezilegeza.

Kriketi ni ngumu kidogo kwa wengi wetu, ingawa Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. "Sticky wicket" ni uwanja ulionyeshewa mvua kisha ukaanza kukauka kwa jua. Mpira ukidunda pale, mpigaji hajui utaruka juu au utakwenda pembeni. Ndiyo hali ya mtu aliyebanwa na maswali asiyoyatarajia.

Besiboli siipi muda mwingi. Barua pepe za maofisini zimejaa "touch base" (kuwasiliana kwa ufupi) na "step up to the plate" (kujitokeza kubeba jukumu), na waandishi wengi hawajawahi kuona mechi hata moja. Mwanafunzi azielewe akizisoma, inatosha. Kuzitumia kunaweza kusubiri.

Anayedhani mchezo si lazima ajiulize tulivyoipata "danadana". Mpira unapigwa mguuni, gotini, kichwani, mguuni tena, hautui wala hauendi golini. Ndiyo maana anayefuatilia hati ya kiwanja akaambiwa faili liko chumba namba 4, chumba namba 4 wakasema liko kwa bosi, na bosi yuko semina, anarudi nyumbani akisema amepigwa danadana. Bibi yake asiyejua Simba wala Yanga anamwelewa, kwa sababu wajukuu wanazipiga uani kila jioni.

Simu tunazo. Video ya dakika mbili ya ndondi, nyingine ya farasi, nyingine ya kriketi, halafu ndipo daftari lifunguliwe. Na mitihani iache kuuliza "nini maana ya". Imwambie mtoto aeleze nani alikuwa anafanya nini uwanjani.