Kahawa ya Baba Mkwe

Kwa kuwa Kidoti keshalitangazia kundi zima kwamba mtungi wa gesi umelipuka kwangu, naomba kusahihisha. Gesi haikuguswa. Ni kahawa. Na sikukimbilia chooni, nilikwenda kunawa.

Baba mkwe mnamjua. Mzee wa Bukoba, kanzu nyeupe pee, kahawa kaanza kuitafuna kabla ya meno ya ukubwani. Juzi kaja, nami nina ile mashine ya espreso, kahawa nzito inayokamuliwa kwa presha, niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Nikasema leo ndiyo leo.

Kichujio cha mashine ni cha gramu 18. Kila asubuhi napima gramu 18 za unga, inatoka kahawa ya gramu 36 hivi, nusu dakika imekwisha. Najua kazi yangu, jamani. Lakini Mzee kasimama ubavuni, ananitazama namimina, nachungulia mizani, narudisha kijiko kidogo koponi. Akaguna.

"Mwanangu, kahawa imepanda bei?"

Mizani nikaitupia kwenye droo. Nikajaza kichujio mpaka kikaota kilima, nikashindilia, nikaongeza, nikashindilia tena kwa uzito wote wa mwili. Mpini wa kichujio ukagoma kuingia kwenye mashine, nikaulazimisha. Mzee akaridhika: "Eeh, hapo sawa." (Mnaoandika "si ungemwambia tu", nyinyi hamjaoa.)

Nikawasha. Mashine ikanguruma. Kahawa ikilowa huvimba, na mle ndani hapakuwa na pa kuvimbia. Hata tone. Pampu inasukuma maji kwa baa 9, siyo zile za Sinza, ni presha mara nne ya tairi la gari dogo. Nikazima. Mzee akasogea, akainama, pua jirani na mpini.

"Mbona haitoki?"

Sasa sikilizeni. Mashine ya bei yangu haina valvu ya kutoa presha ukizima. Presha inabaki humo humo, inamsubiri mtu. Nikashika mpini. Nikazungusha kidogo. Pssss. Kidoti, mdomo umejaa kashata zangu, akasema, "We, iache kwanza." Nikazungusha tena.

PAA!

Tope nililiona linavyokwenda, naapa. Dari. Pazia. Kalenda, mwezi mzima ukafutika. Kisha kanzu, kuanzia kola mpaka kiunoni. Kimya. Tone likaning'inia ukingoni mwa kofia ya Mzee, likatafakari, likamdondokea puani. Hakupepesa. Akapangusa mdomo kwa kidole, akalamba, akatafuna chembe taratibu.

"Hii imekaangwa mno," akasema. "Kikombe kiko wapi?"

Hakuna aliyeungua, Mungu mkubwa. Kanzu ikalowekwa, mke wangu akachemsha chai bila kunitazama, Mzee akashinda kavaa jezi yangu ya Simba ilhali yeye ni Yanga damu. Jana kampigia simu binti yake: mwezi ujao anakuja tena, birika atabeba mwenyewe, na mimi nikae sebuleni.