Kashata ya tairi, ukaguzi wa magari na ubishi wa milimita 1.6

Gari moja linafika kwa mkaguzi na kashata, yaani mpira wenye mifereji unaokanyaga lami, ya kina cha milimita 1.7, linapita. Linalofuata lina 1.5, linakataliwa. Kilichowatenganisha ni unene wa karatasi mbili. Dereva wa kwanza anaondoka akijiona salama, wa pili anaona kaonewa, ilhali mvua ikinyesha jioni hiyo magari yote mawili yatateleza karibu sawasawa.

Kina cha chini cha milimita 1.6 ndicho sheria ya Ulaya kwa magari madogo, na majimbo mengi ya Marekani yana kipimo hichohicho kwa lugha ya inchi. Ndiyo maana ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira: kashata ikishuka hadi kulingana navyo, tairi limefika mwisho wake kisheria. Lakini Uingereza ilikuwa ikiruhusu milimita 1 hadi ilipopandisha kiwango mwaka 1992. Namba hii, basi, wamekubaliana watu. Tairi lenyewe halibadiliki ghafla linapoivuka.

Wapo wanaotaka ipandishwe tena. Kampuni ya matairi ya Continental, kwa mfano, imekuwa ikishauri tairi la kiangazi libadilishwe likifika milimita 3, na la majira ya baridi likifika 4. Hoja yao kuu ni maji, na ina nguvu. Chukua tairi lenye upana wa sentimita 20 likipita kwenye maji ya kina cha milimita 3, mwendo ukiwa kilomita 90 kwa saa. Kila sekunde tairi hilo linakutana na lita 15 za maji. Maji hayo lazima yasukumwe pembeni au yapite kwenye mifereji, na mifereji ya tairi jipya ina kina cha milimita 8 hivi. Ikibaki 1.6, umebakiwa na sehemu moja tu kati ya tano. Maji yakikosa pa kupita hujikusanya mbele ya tairi na kulinyanyua kutoka kwenye lami. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, na breki hazina cha kukamata.

Hoja yao ya pili ni ya kalenda. Pale ukaguzi unapofanyika mara moja kwa mwaka, tairi lililopita likiwa na milimita 2 linaweza kuwa kipara miezi mingi kabla ya kurudi kwa mkaguzi. Cheti bado ni halali, tairi si halali tena.

Upande wa pili nao una wenye uzito. Michelin, nayo kampuni ya matairi, imetetea kwa miaka kadhaa kwamba tairi lililotengenezwa vizuri litumike hadi 1.6. Kwenye barabara kavu, kashata fupi hainyumbuki sana, kwa hiyo tairi lililolika hushika lami vizuri, pengine kuliko jipya, na hubingirika kwa wepesi zaidi na kupunguza mafuta yanayotumika. Halafu kuna upotevu. Kati ya milimita 8 na 1.6 kuna 6.4 za kutumia. Ukilazimisha watu wabadilishe kwenye 3, unatupa 1.4, yaani zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya mpira walioulipia.

Kinachonielemea zaidi, hata hivyo, ni nani atakayebanwa na sheria hiyo na atafanya nini. Mwenye uwezo atanunua matairi mapya. Asiye nao atanunua yaliyokwisha kutumika, na atachagua yenye kashata ndefu, kwa kuwa ndiyo inayopimwa. Hapo tunaweza kumfukuza kwenye hatari moja tukamwingiza kwenye nyingine, maana mpira huzeeka hata usipolika. Mwaka 2012 basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki Uingereza lilipasuka tairi la mbele, likaacha njia, watu watatu wakafa. Tairi hilo lilikuwa na umri wa miaka 19. Sheria ya wakati ule haikuweka ukomo wowote wa umri. Mama wa mmoja wa waliokufa alipigania mabadiliko kwa miaka, na kuanzia Februari 2021 nchi hiyo imepiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Umri huo umeandikwa ubavuni mwa kila tairi kwa tarakimu nne: 3519 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kuusoma hakuhitaji hata kifaa.

Kwa hiyo mimi nasema 1.6 ibaki kuwa mstari wa kukataliwa. Namba kavu ina fadhila moja kubwa: haijadiliwi, na mkaguzi hawezi kuiuza kirahisi. Kinachotakiwa kubadilika ni kinachoandikwa kwenye karatasi. Leo mwenye gari mara nyingi anapewa neno moja tu, limepita. Apewe kina cha kila tairi, kilichopimwa ndani, katikati na nje, pamoja na tarakimu zake nne za umri.

Vipimo hivyo vitatu vinasema mengi. Katikati pakilika kuliko pembeni, upepo umezidi. Pembeni kote kukilika, upepo ni mdogo. Upande mmoja tu ukilika, magurudumu hayajanyooka, na mara nyingi huwa ni upande wa ndani, ambao dereva haoni mpaka ainame. Sheria ya Uingereza yenyewe inadai 1.6 kwenye robo tatu za katikati ya upana wa tairi, kwa hiyo ukingo wa ndani unaweza kulika vibaya na gari bado likapita. Tairi la namna hiyo halitaki kubadilishwa tu. Usiponyoosha magurudumu, jipya nalo litakwenda na ukingo uleule.

Kuandika tarakimu za umri kutasaidia pia kuwabaini wanaoazima matairi mazuri kwa siku ya ukaguzi na kuyarudisha kesho yake, kwa kuwa rekodi ya ukaguzi haitalingana na matairi ya gari hilo likikaguliwa popote barabarani. Wanaochonga upya mifereji kwa kisu ni hatari zaidi. Baadhi ya matairi ya malori yametengenezwa na mpira wa ziada wa kuchongwa. Ya gari dogo hayana, na kisu kinakaribia nyuzi za chuma.

Wapo watakaosema onyo la mkaguzi lisilomzuia mtu kuondoka halina meno. Uingereza wanalitoa, kwa tairi linalokaribia kikomo, na naona kukosa meno huko kuna faida: hakuna anayetoa rushwa kukwepa onyo lisilomkatalia gari, kwa hiyo mkaguzi hana sababu ya kuandika uongo. Kwa gari la abiria ningeongeza sharti moja, karatasi hiyo ibandikwe mlangoni, mahali ambapo anayepanda ataisoma kabla ya kulipa nauli.