Kikande hajakukosea kitu

Jumamosi jamaa yangu wa Kitangiri, hapa Mwanza, kanipigia simu na sauti ya mtu aliyeibiwa. "Kaka, njoo umchukue shetani wako." Shetani mwenyewe ni kikande, samaki wa baharini, yule mdogo wa michirizi ya buluu usoni na mdomo kama umepakwa rangi ya njano. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemtafutia kwa watu wa Dar, basi leo kawa wangu. Nikachelewa kujibu, akaongeza: "Usipokuja, naenda naye Mwaloni namtupa ziwani."

Ziwani! Samaki wa maji chumvi. Angekufa siku hiyohiyo. Na hata angepona, sisi tulioletewa sangara miaka ya 1950, wakawafyeka furu, wale samaki wadogo wa asili, aina kwa mamia, bado tu tuna hamu ya kumwaga samaki wageni humo?

Nikaenda. Mashtaka yakasomwa: kala kamba wawili wa kusafisha tangi, kawakata mikia wenzake, usiku anahamisha mawe, na juzi kamuuma mwenye nyumba. Kidole nikaonyeshwa, na plasta yake.

Sasa wewe ulitegemea nini? Huyu kapewa meno ya kupasulia kaa na konokono. Kwao mwambani anapuliza maji kwa mdomo kufukua mchanga, anabeba vijiwe kwa meno, ana eneo lake na halina mjadala. Wewe umempa lita 180, ukamjazia na vijisamaki sita visivyomhusu, ukamwekea ngome ya plastiki ya rangi ya waridi, halafu unashangaa anapanga upya fenicha. Akikua anakaribia sentimita 30! Hebu ufungiwe chooni na watu sita usiowajua, mwaka mzima, taa juu, na watoto wanagonga kioo. Tuone kama hutauma mtu. Lakini hapana, samaki ndiye "ana roho mbaya". Roho yake imeingiaje hapa? Umenunua mlinzi ukamfanya pambo la sebule, na sasa unamlaumu kwa kulinda.

Haya, nikubali kwa shingo upande: wapo vikande wengine, kama yule wa mistari ya machungwa, ambao hata uwape bwawa watatafuta wa kugombana naye. Huyo afugwe peke yake au asifugwe kabisa.

Habari ya gharama siigusi sana. Kila lita inataka gramu 35 za chumvi, siyo ya mezani, na yangu inakuja kwa basi kutoka Dar. Umeme ukikatika usiku, nasimama nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga humohumo yapate hewa. Mama wa jirani alinikuta hivyo siku moja: "Ng'wanawane, mwanangu, ziwa lote lile pale, wewe unatengeneza jingine la chumvi ndani?" Mpaka leo sijapata jibu.

Kumtoa ilituchukua saa nzima. Alijibana kwenye tundu la jiwe, akasimamisha mwiba wa mgongoni, basi. Mwiba ule wa kwanza ukishasimama, wa pili nyuma yake unaukaza kama komeo, ukimvuta unamchana. Jamaa akaleta koleo. Koleo! Nikamwambia kaa pembeni. Nikainua jiwe zima na mwenye nyumba wake ndani, nikalitia kwenye ndoo ya maji ya tangi.

Kwenye bajaji akaanza kukoroma, krr, krr, maana kikande akikasirika hutoa sauti. Dereva akageuka: "Bosi, umebeba kuku?"

Sasa yuko kwangu, lita 500 peke yake, na jiwe lake lilelile. Jicho moja linanifuata mimi, la pili liko mlangoni.

Jana jamaa kapiga tena. Anataka nimtafutie yule mwenye madoa makubwa meupe tumboni, "ni mzuri sana kaka", yule anayefika nusu mita. Nikamwambia anitumie kwanza vipimo vya tangi. Hajatuma.