Kuchonga slaidi ya bastola ya kubeba kila siku: mkato upi una kazi?

Nchini Marekani, ambako zaidi ya nusu ya majimbo sasa humruhusu mtu mzima anayestahili kumiliki silaha aibebe kwa siri bila kibali, karakana za kuchonga slaidi za bastola zimekuwa nyingi. Sheria ya shirikisho imechangia: kwa bastola kama Glock 19, kinachohesabiwa kuwa silaha ni fremu yenye namba, yaani mwili wa chini wenye mshikio. Slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ifyatukapo, ni kipuri. Hutumwa karakana kwa kifurushi na hurudi vivyo hivyo.

Wanaopinga husema bastola ya kujilinda ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Wana hoja nzito, na nitaieleza. Shida ni kwamba wanatia kila mkato katika kapu moja, na anayeonewa hapo ni fundi anayechonga kiti, yaani nafasi juu ya slaidi ya kukalia kilengeo cha nukta nyekundu (kioo kidogo kinachoonyesha nukta ya kulengea).

Hoja yao ni uzito. Chukua risasi ya 9mm yenye gramu 8, itoke kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde. Tukiacha gesi ya baruti kando, slaidi na mtutu vyenye gramu 500 kwa pamoja vitaanza kurudi nyuma kwa mita 5.6 kwa sekunde, vikiwa na nishati ya jouli 7.8 hivi. Sasa toboa madirisha juu na ubavuni, uondoe gramu 50. Msukumo wa risasi ni uleule, kwa hiyo mwendo unapanda hadi mita 6.2 na nishati hadi jouli 8.7. Ni ongezeko la asilimia 11, nalo linaishia kwenye springi na fremu. Nimeirudia hesabu hii kwa sababu wauzaji husifu wepesi kana kwamba hauna gharama. Slaidi ikienda mbio, springi ya magazini huchelewa kuinua risasi inayofuata; slaidi hurudi mbele ikaipita juu, au risasi zikaisha bila slaidi kushikwa nyuma. Wengine hutibu kwa springi ngumu zaidi. Springi hiyo huirudisha slaidi mbele kwa kishindo, na mkono uliolegea au kujeruhiwa huenda usiipe fremu kizuizi cha kutosha, ganda likanaswa kwenye mlango wa kutokea.

Wapenzi wa madirisha hujibu kwa mfano wa Glock 34, ambayo imetoka kiwandani na tundu kubwa juu ya slaidi tangu 1998. Ni mfano mzuri, ila unawageukia. Slaidi ya Glock 34 ni ndefu kuliko ya Glock 17, na tundu lile linapunguza uzito ulioletwa na urefu. Aliyekata alijua anafidia nini. Jibu lao lenye nguvu zaidi ni kwamba kilengeo kina uzito wake (Trijicon RMR ni gramu 34 hivi), basi dirisha linaurudisha mzani ulipokuwa. Kwa hesabu ni kweli, mradi mtu apime kwa mizani kabla na baada, jambo ambalo wanaokata kwa mapambo tu hawalisubiri. Hata mzani ukikaa sawa, bastola inayoshinda kiunoni hupokea nyuzi za nguo, jasho na vumbi kupitia kila tundu. Hoja ya kupoza mtutu haina uzito kwa silaha yenye risasi 15.

Kiti cha kilengeo ni habari nyingine. Mbadala wake wa kiwandani ni bamba la kati, kama katika mfumo wa MOS ambao Glock iliuleta mwaka 2015: bamba linafungwa kwa skrubu mbili kwenye slaidi, kisha kilengeo kwa skrubu mbili nyingine kwenye bamba. Hapo una viungo viwili vinavyoweza kulegea, na kilengeo kimekaa juu zaidi. Slaidi inaposimama ghafla mwisho wa safari yake, kilengeo kinataka kuendelea. Kama hakuna ukuta wa kukizuia, kishindo chote kinaangukia shingo za skrubu. Fundi mzuri huchonga kiti kinachokibana kilengeo mbele na nyuma, na kuacha vinundu vinavyoingia kwenye mashimo ya kitako chake. Chuma hubeba kishindo, skrubu zikabaki na kazi ya kukandamiza tu. Kwa kuwa kilengeo kimekaa chini, vilengeo vya chuma vya akiba visivyo virefu mno huonekana kupitia kioo. Anayeogopa mkato huu kwa ajili ya usalama huenda akabaki na bamba lenye udhaifu uleule anaoukimbia.

Yapo ya kuharibika. Kwenye Glock, tundu la skrubu la kulia liko juu ya mkondo wa springi ya kivuta ganda. Skrubu ikizidi urefu kidogo tu, inaibana na maganda hayatoki vizuri. Chuma kilichochongwa kimepoteza ngozi yake ngumu, hivyo kipakwe upya kabla kutu haijaingia. Mkato hufaa umbo moja tu la kitako cha kilengeo, na ukitaka kilengeo cha umbo jingine utarudi kwenye bamba. RMR ya kawaida hubadilishwa betri kwa kuing'oa kwenye slaidi, ndiyo maana wengi huchagua Holosun 507C: inakaa kiti kilekile, na betri yake huingia ubavuni.

Kukaza nako ni kazi. Futa mafuta kwenye nyuzi za skrubu, tia gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isilegee kiasi cha tone, kaza RMR kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza hadi nyutoni-mita 1.4, kisha chora mstari wa rangi unaovuka skrubu na kilengeo ili kulegea kuonekane kwa jicho. Iache gundi ikauke usiku kucha kabla ya kwenda uwanja wa shabaha. Huko, piga risasi zilezile unazobeba, kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kisha kwa ule dhaifu, na kila magazini iishe slaidi ikiwa imeshikwa nyuma.