Chukua Mkasi, Acha Kuionea Petunia Huruma

Kuna picha nimetumiwa tena wiki hii, na sasa nimeichoka. Si picha ileile, lakini ni kapu lilelile: petunia, yale maua ya kutundika, zinazoning'inia, katikati pako wazi hadi udongo unaonekana, pembeni zinashuka nyuzi ndefu zisizo na jani, na huko chini kwenye ncha kuna maua mawili matatu. Ni kama yule bwana aliyeota upara utosini akaamua kufidia kwa kufuga nywele za kisogoni. Swali linalofuata ni moja siku zote: "Zimezeeka hizi, ning'oe nipande nini?"

Nikajibu: usipande kitu, chukua mkasi. Jibu likaja mbio. "Nikate? Lakini si bado zina maua!"

Maua mawili, jamani. Mtu yuko radhi kukaa na nyuzi msimu mzima kwa heshima ya maua mawili, kisha siku yakidondoka anatupa kapu zima na kwenda kununua miche mipya. Miche hiyo nayo ataionea huruma hivyohivyo mpaka iote upara.

Petunia hiyo haijazeeka. Imerefuka tu. Ncha ya kila shina hutengeneza homoni iitwayo auksini, nayo huteremka na kuvizuia vichipukizi vilivyolala pembeni mwa shina, pale majani yanapoanzia. Ncha ikiwepo, chakula kinakwenda mbele, shina linazidi kurefuka, huku nyuma hakuchipui kitu. Ondoa ncha, na vile vilivyolala vinaamka, mara nyingi viwili au zaidi kwa kila shina ulilokata. Kapu linalojaa namna hiyo halijai lenyewe. Mtu alilikata.

Halafu hili la "muda wake umeisha." Tunaiita ua la mwaka mmoja kwa sababu nchi zenye majira ya baridi kali zinaiotesha hivyo: theluji ikija inaiua, kwa hiyo wanapanda upya kila mwaka. Kwao huko Amerika Kusini ni mmea unaoweza kuishi zaidi ya mwaka. Kama kwako hakuna jalidi, kilichoiua ni kingine, na mara nyingi ni wewe na huruma yako. Thunbergia alata, ile ya njano yenye jicho jeusi, imepewa hukumu ileile. Ulaya wanaitundika kwenye vikapu kama ua la msimu mmoja, ilhali kwa asili ni ya Afrika Mashariki, na huku inapanda ua wa nyumba miaka nenda miaka rudi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba watu haohao wanaong'oa vichipukizi vya nyanya bila kupepesa jicho. Nyanya na petunia ni ukoo mmoja, pamoja na tumbaku na viazi mviringo. Ndugu mmoja anapogolewa kila wiki, mwingine anaogopwa kuguswa eti ni mrembo.

Na hata wanaogusa, wengi wanagusa pasipostahili. Wanavuta petali zilizonyauka, wanajipongeza, wanaondoka. Wameacha kile kifuko kidogo cha kijani kilichoko chini ya petali, na humo ndimo mbegu zinamotengenezwa. Mmea hauhesabu petali. Ukishapata mbegu, nguvu inakwenda kwenye mbegu na maua mapya yanapungua. Bana chini ya kifuko, kwenye kikonyo, utoe vyote pamoja. Vidole vitanata, ndiyo. Nawa.

Kwa kapu lililokwisha kuota upara, kubana hakutoshi. Punguza kila shina kwa theluthi, hata nusu, ukikata juu kidogo ya mahali jani linapotokea. Acha majani kadhaa kwenye kila shina, kwa sababu shina kavu tupu linaweza lisichipue. Mwagilia, tia mbolea ya maji, uvumilie. Wiki mbili za kwanza kapu litakuwa baya na wageni watauliza limepatwa na nini. Kuanzia wiki ya tatu hivi, watauliza umenunua wapi. Ukishindwa kabisa kukata yote kwa mkupuo, kata mashina machache kila wiki, yale marefu kwanza. Hiyo njia ya waoga inafanya kazi vizuri kuliko ninavyopenda kukubali.

Kuna watakaoniambia wao wanapanda zile za kisasa zinazojisafisha zenyewe. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Tangu petunia aina ya Purple Wave ilipochukua tuzo ya All-America Selections, ile ya Marekani ya mimea mipya ya bustani, mwaka 1995, petunia za kutambaa zimekuwa bora sana, na kalibrakoa, ndugu yake mwenye maua madogo, hudondosha maua yake makavu bila msaada. Lakini kujisafisha si kujipogoa. Nazo hurefuka, nazo hupata upara, ila zinachelewa. Lobelia, ua jingine la vikapuni, ndiyo usiseme: jua likiichoma ikageuka kahawia, ikate nusu, ihamishie kivulini, itarudi.

Mengine niyapitie haraka kwa sababu nayo yananikera. Mawe chini ya chungu hayasaidii maji kutoka; maji husimama kwenye udongo ulio juu ya mawe, yaani umeyasogeza karibu na mizizi. Tundu ndilo linalotoa maji. Kapu lililokauka mpaka maji yanapita pembeni na kutiririka chini halijanywa, lizamishe kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe. Kila unapomwagilia unasuuza mbolea pia, kwa hiyo ile uliyochanganya siku ya kupanda imeshaondoka zamani. Kalibrakoa ikigeuka njano huku mishipa ya majani ikibaki kijani, tatizo ni chuma, na mara nyingi udongo wako hauna asidi ya kutosha. Nasturtium, ua ambalo majani yake huliwa, kinyume chake, ukiilisha sana itakupa majani ya kutosha saladi na maua ya kuhesabu. Na kama unajijua hukumbuki kumwagilia, panda portulaka, ua linalovumilia ukame, juani, utupumzishe na picha.

Vile vipande ulivyokata navyo si taka. Chagua ncha zenye afya, ondoa maua yote na majani ya chini, zichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, kivulini. Katika wiki mbili au tatu zitakuwa na mizizi. Aina zenye hakimiliki haziruhusiwi kuzalishwa hivyo, kwa hiyo soma kibandiko kwanza. Zilizobaki, zipande palepale katikati ya kapu, kwenye upara wenyewe.