Kabla ya mwanga wa kwanta, tulizeni meza

Inaniuma kusikia mwanafunzi wa fizikia hapa Mbeya akiambiwa kwamba kupima fezi ya mwanga (yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake) kwa usahihi mkubwa si kazi ya kwetu, eti kwa sababu hatuna mwanga uliobanwa, yaani mwanga wa kwanta uliopunguzwa kelele chini ya ile ya leza ya kawaida. Anakata tamaa, anabadilisha mada ya utafiti. Hesabu ya kupinga kauli hiyo ni fupi mno.

Leza nyekundu ya nanomita 633 yenye miliwati 1 hutoa fotoni (chembe za mwanga) zipatazo 3 × 10¹⁵ kwa sekunde. Gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo: radiani 2 × 10⁻⁸ hivi, ukipima kwa sekunde moja. Hicho ndicho kikomo cha usahihi, kinachotokana na fotoni kufika kwa nasibu, ambacho mwanga uliobanwa huja kukivuka. Sasa chukua intaferomita ya Michelson, kifaa kinachogawa mwanga kwenye mikono miwili yenye vioo kisha kuukutanisha tena, yenye mikono ya sentimita 10. Hewa ya mkono mmoja ikizidi joto kwa nyuzi 0.1 tu, fezi inasogea karibu radiani 0.15, zaidi ya mara milioni 7 ya kikomo hicho! Jua la asubuhi likigonga bati, hewa yote ya maabara inaanza kutembea. Lori la Tunduma likipita, kioo kikisogea nanomita 316 tu, mchirizi mzima wa mwanga na giza, unaotokea mwanga wa mikono miwili unapokutana, umehama.

Adui ni hewa na mtikisiko, na dawa zake zinapatikana Mwanjelwa. Weka tyubu za pikipiki sakafuni, juu yake bamba zito la zege, kisha sanduku la mchanga mkavu. Tyubu zijazwe upepo nusu. Zikiwa ngumu zinapitisha mtikisiko wote. Vioo vishikwe kwa gundi ya epoksi iliyokaa usiku kucha, maana gundi ya moto huendelea kusogea taratibu. Mikono yote miwili iwe na urefu sawa, ili kuyumba kwa rangi ya leza kujifute kwenyewe. Funika kila kitu kwa boksi na blanketi, washa leza, subiri angalau nusu saa. Weka fotodiodi (vihisi vya mwanga) kwenye njia zote mbili za kutokea, rekebisha kioo hadi uwe nusu ya njia kati ya mwanga na giza la mchirizi, ambapo mteremko ni mkali zaidi, toa usomaji mmoja kwenye mwingine. Fotodiodi zitumie betri, la sivyo hezi 50 za umeme wa ukutani zitakusumbua.

Sawa, mwanga uliobanwa unafanya kazi. Vituo vya kunasa mawimbi ya mvutano vinautumia: GEO600 ya Ujerumani tangu 2010, LIGO ya Marekani tangu 2019. Lakini wimbi la mvutano la 14 Septemba 2015 LIGO walilipata bila huo mwanga, kwa ombwe, vioo vilivyoning'inizwa na subira ya miaka. Tena ni mwanga unaoharibika kirahisi: ukibanwa kwa desibeli 10 (kelele ibaki sehemu moja ya kumi), kisha nusu yake ipotee kwenye vioo na fotodiodi, unabaki na desibeli 2.6.

Kwa hiyo wasimamizi, msimkatishe mtu tamaa, na pia msipitishe ombi la vifaa vya kwanta kabla ya jaribio moja. Ziba mkono mmoja, pima kelele (kuyumba kwa usomaji), kisha ongeza nguvu ya leza mara mbili. Kelele isipobadilika, tatizo ni saketi. Ikiongezeka mara mbili, leza yenyewe inayumba. Ikipanda mara 1.4, yaani kipeuo cha pili cha 2, hizo sasa ni fotoni, na hapo ombi lisainiwe.